Avansi Iliyovuka Ruzizi: Kwa Nini Pesa za Fundi wa Nchi Nyingine Ni Vigumu Kurudi

Sange, mashariki mwa Kongo, iko kwenye barabara ya taifa namba 5, kusini mwa Bukavu na kaskazini mwa Uvira. Ng'ambo ya mto Ruzizi ni Burundi. Katika mji uliokaa hivyo, kumtafuta fundi nje ya nchi ni jambo la kila msimu. Mota ya mashine ya kukoboa mpunga ikiungua, fundi wa Bujumbura yuko karibu kuliko yeyote wa Kinshasa. Ushirika unaotaka andiko la mradi kwa Kiingereza humtafuta mwandishi wa Kampala au Nairobi, na kwaya inayotaka video nzuri huulizia Kigali au Bujumbura. Mapatano hufanywa kwa WhatsApp, avansi hutumwa kwa simu au kwa mkono wa dereva, kisha watu wanasubiri kazi.

Kazi isipofanyika, mtu wa Sange atazipataje pesa zake kutoka kwa mtu anayeishi chini ya sheria ya nchi nyingine? Sheria inampa haki ya kudai, lakini hakuna chombo kinachomvusha mpakani na dai lake kwa gharama inayolingana na pesa zenyewe. Ndiyo maana pesa hurudi hasa kwa yule aliyebakiza kitu mkononi siku ya kulipa: sehemu ya malipo, mtu wa kati anayeaminika, au karatasi iliyoandikwa vizuri. Pengo hilo limeachwa na serikali zetu, na serikali hizo hizo zinaweza kuliziba.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Ushirika wa wakulima wa mpunga wa Sange umepatana na fundi wa Bujumbura afunge mota mpya na kutengeneza mashine kwa dola 1,000. Umempa dola 600 mapema: 400 za kununua mota na 200 za kuanzia ufundi. Miezi mitatu imepita, mota haijaonekana, na simu hapokei.

Kwanza, pesa hizo ni za namna gani?

Watu husema tu, "Amekula pesa zetu." Sheria ya Kongo hutaka kujua zaidi. Dola 200 za ufundi ni sehemu ya bei ya kazi. Kazi isipofanywa, zinakuwa deni la kiraia kati ya watu wawili waliopatana. Dola 400 za mota zina sura nyingine, kwa sababu zilikabidhiwa zifanye jambo moja lililotajwa. Kifungu cha 95 cha Kitabu cha Pili cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayefuja mali au fedha alizopewa kwa sharti la kuzirudisha au kuzitumia kwa kazi maalumu. Kifungu cha 98 kinahusu utapeli: mtu aliyejipatia pesa kwa jina la uongo, sifa ya uongo, au hila za kuonyesha shughuli isiyokuwapo.

Kwa hiyo mstari mmoja kwenye risiti unaweza kubadili kesi nzima. Risiti inayosema "dola 600 za kazi ya mashine" inazifanya zote kuwa deni la kawaida. Risiti inayosema "dola 400 za kununua mota, na dola 200 avansi ya ufundi" inaacha mlango wa parketi, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, wazi kwa zile 400. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jambo hili daftari huamua pia ni ofisi gani utabisha hodi.

Hapa kuna hatari ambayo watu wa bonde la Ruzizi wanaijua vizuri. Wengi hukimbilia polisi kwa deni tupu, wakimvizia fundi siku atakayovuka mpaka wa Kavimvira ili awekwe ndani mpaka ndugu zake walipe. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Anayemfungisha mwenzake kwa deni anaweza kugeuka mshtakiwa, na pesa zinazopatikana kwa njia hiyo hupungua katika kila mkono zinaopitia. Polisi ni kwa ajili ya utapeli na ufujaji wenye ushahidi. Deni lina njia yake.

Sheria inayomlinda mlipaji

Mikataba nchini Kongo ingali inaongozwa na amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa zama za Leopold II. Mambo manne katika kanuni zake yanamhusu mwenye avansi iliyopotea.

La kwanza ni kwamba mapatano halali ni sheria kwa walioyafanya, hata kama hayakupigwa kashe ya ofisi yoyote. La pili, katika mkataba wa pande mbili, asiyetimiziwa anaweza kuomba mkataba uvunjwe na alipwe fidia. La tatu, fidia haidaiwi kabla mdaiwa hajatakiwa rasmi kutimiza wajibu wake. Ndiyo sababu avoka yeyote atakuuliza kwanza kama uliandika barua ya madai. Barua hiyo itaje tarehe ya mapatano, kiasi kilicholipwa, kazi iliyoahidiwa, siku ya mwisho unayompa, na hatua utakayochukua siku hiyo ikipita. Matusi hayafai kuwamo, kwa kuwa atakayeisoma kwa makini zaidi huenda akawa hakimu.

La nne ni nguvu isiyozuilika, na kwetu hilo ni la kila siku. Bukavu ilitekwa na waasi wa M23 Februari 2025, na benki za mjini zikafungwa. Desemba mwaka huo vita vilishuka bondeni hadi Uvira, na maelfu ya watu wakavuka kukimbilia Burundi. Fundi anayesema vita vilimzuia kufika Sange anaweza kuwa anasema kweli, na amri ya 1888 haimtozi fidia aliyezuiwa na jambo lisilozuilika. Lakini kusamehewa fidia hakumpi haki ya kubaki na bei ya kazi ambayo hakuifanya. Kama mota imenunuliwa, ailete au aonyeshe ilipo. Kama haikununuliwa, pesa zake zirudi. Haki ina upande wa pili pia: ikiwa fundi alikwisha kufika mara moja, akafungua mashine na kubadilisha mikanda, kazi hiyo ihesabiwe. Anayedai dola 600 zote huku dola 80 za kazi zimeonekana hudhoofisha dai lake lote.

Upande wa ushahidi umeimarika. Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua maandishi ya kielektroniki kama ushahidi, mradi mwenye kuyaandika ajulikane na maandishi yawe yametunzwa salama. Basi ujumbe wa WhatsApp usifutwe, na simu isiuzwe kabla ya kutoa nakala. Ujumbe wa sauti ambao fundi anakiri kupokea pesa una thamani kuliko mashahidi watatu waliosikia kwa mbali.

Mahakama ya nani?

Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mahakama za Kongo inaruhusu mgeni ashtakiwe hapa ikiwa wajibu ulizaliwa hapa au ulipaswa kutimizwa hapa. Mashine iko Sange, kwa hiyo ushirika unaweza kwenda katika mahakama ya amani, ambayo kwa sheria hiyo husikiliza madai yasiyozidi faranga 2,500,000 za Kongo. Unaweza hata kushinda upesi, kwa kuwa fundi huenda asitokee.

Ugumu unaanza baada ya ushindi. Nyumba ya fundi, pikipiki yake na akaunti yake ya simu viko Burundi. Hukumu ya Kongo haiwi amri huko mpaka mahakama ya Burundi iikubali itekelezwe, na maombi hayo yanahitaji avoka wa huko, nakala zilizothibitishwa, na safari. Kwa dola 600, gharama inaweza kulimeza dai kabla halijasomwa.

Kongo ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu tarehe 12 Septemba 2012, na OHADA ina njia fupi ya amri ya kulipa kwa deni lililo wazi, lenye kiasi kinachojulikana na lililofika muda wake. Ni njia nzuri dhidi ya mdaiwa wa Bukavu, Kinshasa au Brazzaville. Lakini Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania hazimo katika OHADA. Sheria yetu ya biashara inatazama magharibi, huku biashara ya Sange ikielekea mashariki.

Ndiyo sababu mara nyingi ni nafuu kumfuata mdaiwa kwao. Hapo bahati inategemea nchi. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya mwaka 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Asiyeweza kufika anaweza kuwakilishwa na mtu aliyemwidhinisha. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hiyo, jambo dogo kwa Mkenya lakini kubwa kwa Mkongo asiyejua Kiingereza. Uganda ina utaratibu wa madai madogo tangu 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda. Kwa fundi wa Bujumbura mlango wa kuanzia ni mahakama ya makazi, iliyo ngazi ya chini, na kabla ya hapo wapo Bashingantahe, wazee wapatanishi ambao neno lao bado linasikilizwa mitaani na vilimani.

Kuna njia moja ambayo watu wadogo hawaitumii kwa sababu hawajaambiwa kuwa ni yao pia: usuluhishi. Kongo na Burundi zote ziliingia mwaka 2014 katika Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi wanachama kutambua uamuzi wa msuluhishi uliotolewa katika nchi nyingine. Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania zimo pia. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao, katika kifungu cha 32, unaipa Mahakama ya jumuiya hiyo, iliyoko Arusha, mamlaka ya kusuluhisha mgogoro wa kibiashara ikiwa wahusika waliandika hivyo katika mkataba wao. Kwa dola 600 hakuna atakayekwenda Arusha. Lakini sentensi moja kwenye mapatano, inayomtaja msuluhishi ambaye pande zote mbili zinamheshimu, ina uwezo wa kuvuka mto ambao hukumu ya Uvira inaukuta mpana.

Pesa zilipita njia gani?

Nafasi ya kurudishiwa huamuliwa pia na chombo kilichobeba pesa. Njia zilizozoeleka zaidi Sange, bahati mbaya, ndizo zenye kinga ndogo.

Pesa taslimu kwa mkono wa dereva hazina kinga yoyote zaidi ya uaminifu wa dereva na jina lililoandikwa kwenye karatasi. Pesa za simu zina kumbukumbu nzuri, yaani namba, tarehe, saa na kiasi, nayo ni faida kubwa kwa ushahidi. Lakini huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa aliyekosea namba, na hufaulu ikiwa pesa hazijatolewa. Kampuni ya simu haiwezi kuamua kama mota ilifungwa au la. Kutumia huduma hiyo kwa ugomvi wa kazi, kwa kudai kuwa ulikosea namba, ni uongo unaoweza kukurudia mahakamani.

Kampuni za kutuma pesa kama Western Union husimamisha malipo ikiwa mpokeaji hajayachukua. Akishazichukua, mlango umefungwa. Mwenye kadi ya Visa au Mastercard ana nguvu zaidi: anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo ya huduma ambayo hakuipata, kwa kawaida ndani ya siku 120. Lakini ni wangapi bondeni wenye kadi hizo, na benki yao ikoje sasa?

Majukwaa ya kazi ya intaneti yamejengwa juu ya wazo moja zuri: pesa zisikae kwa mlipaji wala kwa fundi, zikae kwa mtu wa tatu. Kwenye Upwork, malipo ya kazi ya bei maalumu huwekwa pembeni, na kazi ikishawasilishwa mlipaji ana siku 14 za kuikagua kabla pesa hazijaachiliwa zenyewe. Kwenye Fiverr muda huo ni siku 3. Mwandishi wa mradi wa Nairobi au mchoraji wa nembo wa Kampala akipatikana huko, kaa huko huko. Akikuambia mhamie WhatsApp ili kukwepa makato, anakuomba uache kinga yako. Na siku hizo zihesabiwe kwa makini, kwa sababu umeme na mtandao vikikatika wiki nzima, kimya chako kinahesabiwa kuwa umekubali kazi.

Jukwaa letu wenyewe

Wazo la mtu wa tatu halihitaji kompyuta. Bonde la Ruzizi lina watu wanaojulikana pande zote mbili: wafanyabiashara wenye maduka Uvira na Bujumbura, makambisti (wabadilisha fedha) ambao jina lao ndilo mtaji wao, na makanisa yenye waumini ng'ambo zote. Ushirika ungeweza kuziweka dola 1,000 kwa mtu kama huyo, na karatasi moja yenye sahihi tatu: mota ikifika Sange, fundi apewe 400; mashine ikikoboa gunia la kwanza bila kukwama, apewe 300; wiki mbili baadaye, 300 zilizobaki. Mshika pesa alipwe ujira mdogo. Fundi mwaminifu hapotezi kitu, maana naye anajua pesa zipo na hazitamkimbia.

Mpango huu unamlinda fundi pia, na hilo tusilipite haraka. Mafundi wengi hudai avansi kubwa kwa sababu waliwahi kumaliza kazi kwa mteja wa ng'ambo wakaachwa bila malipo. Hofu hiyo ni ya haki. Avansi ya asilimia 60 inaimaliza kwa kuihamishia kwa mteja. Mshika pesa anaiondoa kwa wote wawili.

Fundi akiwa Sange

Wapo pia wanaotudai sisi. Watoto wa bonde hili wametawanyika: kambi ya Nyarugusu Tanzania, Nakivale Uganda, miji ya Marekani na Kanada. Wanatuma pesa za kujenga nyumba ya mama, kuchimba kisima, kununua bati. Kwao fundi wa nchi nyingine ni huyu wa hapa kwetu, mara nyingi mdogo wao au shemeji.

Kisheria wana nafasi nzuri kuliko ule ushirika, kwa kuwa mdaiwa, mali na kazi vyote viko upande mmoja wa mpaka. Mwenye pesa hahitaji kusafiri. Anaweza kumpa mtu barua ya uwakilishi iliyothibitishwa, naye akafika mbele ya shefu, kisha mahakama ya amani. Kinachowazuia ni undugu. Kaka wa Texas haandiki barua ya madai kwa mdogo wake wa Sange, na mdogo mtu anajua haitaandikwa. Kwa hiyo ukuta unasimama nusu, na ukoo unagawanyika bila mtu kusema chanzo ni nini.

Kuandika mapatano na ndugu ni kumheshimu, na kunamkinga yeye kwanza, kwa sababu bei ya saruji ikipanda ana karatasi ya kuonyesha hakula. Picha za hatua kwa hatua zenye tarehe, risiti za duka la vifaa, na pesa zinazotumwa moja kwa moja kwa mwenye duka hupunguza tuhuma kabla hazijazaliwa. Pesa zikipotea, baraza la ukoo ndilo la kuanza nalo, lakini liandike uamuzi: nani atalipa nini, lini, na mbele ya nani. Dawa ya deni ni kulipa, hata kwa ndugu, hata kwa awamu za dola 20.

Ufanye nini leo?

Kwa yule ambaye pesa zake zimeshavuka, mpangilio ni huu. Kusanya kila ujumbe na namba ya muamala kabla hujamtisha mtu. Tenganisha pesa za vifaa na za ufundi, na toa kazi iliyofanyika. Andika barua ya madai yenye siku ya mwisho. Tafuta mtu wa kwao anayeheshimika na umwombe apatanishe. Kubali malipo ya awamu yaliyoandikwa na kusainiwa. Haya yakishindikana, pima: kiasi kinachobaki kinazidi gharama ya kumfuata kwenye mahakama ya kwao? Kama kuna utapeli wa wazi, peleka mashtaka parketi ukiwa na karatasi mkononi. Na usikae mno: kwa madai ya kibiashara, sheria ya OHADA huweka ukomo wa miaka 5.

Serikali zinaweza kufanya nini?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inazungumzia uhuru wa watu, bidhaa, huduma na mitaji kuvuka mipaka. Fundi wa Bujumbura anayefunga mota Sange ni mfano hasa wa huduma hiyo. Lakini hakuna utaratibu wa jumuiya unaoliruhusu dai la dola 600 kuvuka kama fundi alivyovuka.

Jambo hili limefanyika kwingine. Umoja wa Ulaya una utaratibu wa madai madogo ya mpakani unaotumika tangu 2009, sasa kwa madai yasiyozidi yuro 5,000. Mdai hujaza fomu moja, si lazima awe na avoka, na hukumu ya nchi moja hutekelezwa katika nyingine bila kesi ya pili. Kenya na Uganda tayari zina mahakama ndogo za kuanzia. Kinachotakiwa ni itifaki fupi: fomu moja kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, kikomo cha kiasi, karani wa madai katika kila mpaka, Kavimvira na Gatumba zikiwamo, na hukumu inayotambuliwa na wanachama wote.

Wabunge wetu katika Bunge la Afrika Mashariki huko Arusha, vyama vya ushirika na mashirika ya raia ya Uvira wana haki ya kulidai jambo hili sasa. Vita vikitulia, watu wa bonde watajenga upya, na wengi watawaita mafundi wa ng'ambo. Kila avansi itakayopotea itakuwa mbegu ya msimu ambayo haikununuliwa, na itawafundisha watu wasimwamini mwenzao wa ng'ambo. Jumuiya iliyofungua mipaka kwa ajili ya mikono ya kazi haina budi kuifungua pia kwa haki ya mkulima aliyeilipa mikono hiyo.